Kabla ya Kushuka Mteremko wa Nandi kwa Baiskeli

Mji wa Nandi Hills, magharibi mwa Kenya, uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Chemelil na mashamba ya miwa ya bonde la Nyando yako chini yake kwa karibu mita 800. Wengi wanaotoka Kisumu kwa mara ya kwanza hujiandaa kwa kupanda: mapafu, miguu, gia nyepesi. Lakini mlima ukikushinda unashuka na kusukuma. Breki zikikushinda kwenye mteremko ule, hakuna njia ya pili. Kwa hiyo matayarisho yaanzie kwenye breki.

Mulika tochi pale diski, ile sahani ya chuma ya gurudumu, inapobanwa, utazame pedi, yaani vipande vinavyoibana, kwa upande. Sehemu inayosugua, bila kuhesabu bamba la chuma, ikiwa chini ya milimita 1, badilisha, hata kama bado zinashika vizuri mjini. Pedi za resini ni kimya na hushika haraka, ila joto likizidi uso wake hung'aa kama kioo na breki hupoteza nguvu. Kwa mteremko mrefu pedi za metali zinafaa zaidi, lakini soma kwanza maandishi kwenye diski: nyingine za bei nafuu zimetengenezewa resini pekee. Kama ni breki za mafuta, bana kishikio. Kikifika hadi kwenye usukani au kikibonyea kama sponji, kuna hewa ndani, na fundi aitoe siku chache kabla, si asubuhi ya safari. Pedi zilizonyonya mafuta ya mnyororo hazisafishiki, nunua nyingine.

Ukiwa na baiskeli ya mtumba, jaribu kila breki mahali tambarare. Zilizotoka Uingereza kwa kawaida huwa na breki ya mbele mkono wa kulia, na zilizotoka Ulaya bara mkono wa kushoto. Kulijua hilo ukiwa tayari kwenye kona yenye kokoto ni kuchelewa. Breki zinazobana rimu zina tatizo lake: ukizibana mfululizo, rimu hupata joto hadi tyubu ikapasuka. Kwa aina zote, bana kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha achia zipoe. Ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika kumi, na usiiguse diski kwa kidole.

Tairi za upana wa inchi 2.2 hadi 2.4 zinatosha. Kwa mtu wa kilo 70, tairi zisizo na tyubu zijazwe upepo wa psi (kipimo cha shinikizo) 22 hadi 25 mbele na mbili au tatu zaidi nyuma. Zenye tyubu zipande hadi 30, la sivyo jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Dawa ya kuziba pancha hukauka baada ya miezi miwili au mitatu kwenye joto letu. Tikisa gurudumu, na usiposikia majimaji, ongeza.

Saa ya kuondoka ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda vilima mchana, mawingu yakajikusanya, na kuanzia saa nane hivi radi na mvua ya mawe huwa jambo la kawaida. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwe umefika chini kabla ya saa saba. Miezi mikavu zaidi ni Desemba hadi Februari. Radi ikikukuta juu, usijikinge chini ya mkaratusi uliosimama peke yake.

Chini bondeni kuna udongo mweusi unaonata. Ukilowa, hujaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likagoma kuzunguka, na ukilazimisha, unaweza kuvunja gia ya nyuma. Mvua ikinyesha usiku, baki kwenye barabara za changarawe na uache vijia vya mashambani hadi jua liwake siku mbili tatu.

Barabara nyingi katikati ya majani chai ni mali ya kampuni. Omba ruhusa getini, na msalimie mlinzi: "Chamgei", salamu ya Kikalenjin, hufungua mengi.

Beba lita 3 za maji, tyubu mbili, pampu, kiungo cha akiba cha mnyororo, kifaa cha kuukata, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu. Kila fremu ina chake, na hutakipata sokoni Chemelil. Weka pesa taslimu za bodaboda kando. Mpe mtu aliyebaki nyumbani njia utakayopita na saa ya kurudi. Namba za dharura ni 999 na 112.

Ukifika kwenye miwa, punguza mwendo. Trekta huvuta trela ndefu zilizojaa kupita kiasi, dereva haoni nyuma, na mabua yanayodondoka barabarani huteleza vibaya tairi inapoyakanyaga kwa mshazari.