Kugawa mzunguko wa mashine ya kukereza kwa kompyuta: mfereji wa mwisho ukutane na wa kwanza

Mwenzangu aliniletea bakuli la kipenyo cha mm 300 alilolichonga mifereji 36 ukingoni. Mifereji ilifuatana vizuri, ila kati ya ule wa mwisho na ule wa kwanza palikuwa na nafasi pana kidogo. Kidole kiliihisi kabla ya jicho kuiona. Mkono wake hauna kasoro. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa kodi (maagizo ya kompyuta inayozungusha bakuli kwenye mashine), na kosa hilohilo lilinila siku nzima nilipoanza.

Hatua ya 1: Chomoa plagi ya mota kubwa

Kuzima swichi hakutoshi. Mota kubwa ya mashine ikizungusha spindo (mhimili unaoshika mbao) wakati stepa (mota ndogo inayozunguka hatua kwa hatua) imeunganishwa nayo, stepa inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye draiva (kifaa kinachoilisha stepa umeme) na inaweza kuiunguza.

Hatua ya 2: Funga stepa

Puli ya meno 20 kwenye stepa, ya meno 60 kwenye spindo, katikati mkanda wa meno. Mimi situmii gia kwa kazi hii, maana gia za kawaida zina ulegevu, na ulegevu huo unaonekana kwenye mbao. Stepa ya hatua 200, draiva ikigawa kila hatua mara 16, na puli zikipunguza mara 3, unapata hatua 9600 kwa mzunguko mmoja.

Hatua ya 3: Andika kodi (hapa usiharakishe)

Ukitaka mifereji 24, 9600 inagawanyika sawasawa: hatua 400 kila mara. Ukitaka 36, jibu ni 266.67. Arduino (kompyuta ndogo inayoiongoza draiva) ikigawa namba nzima kwa namba nzima, inatupa desimali na kukupa 266. Ukisogeza 266 kila mara, mpaka mfereji wa 36 umefika hatua ya 9310, na zimebaki 290 kurudi mwanzo. Kwenye ukingo wa bakuli lile, nafasi zote zilikuwa mm 26.1, ya mwisho mm 28.5.

Kukadiria juu hadi 267 hakuponyi. Unazidi kwa hatua 12 badala ya kupungukiwa na 24.

Dawa ni kutojumlisha kabisa. Kila nafasi ihesabiwe upya kutoka sifuri:

`lengo = (i * 9600L + n / 2) / n`

`i` ni namba ya mfereji ukianzia 0, `n` ni idadi ya mifereji. Sogeza `lengo` ukitoa mahali ulipo sasa. Kwa hesabu hii kosa halizidi nusu ya hatua, yaani kama mm 0.05 kwenye ukingo ule, na halirundikani.

Tafadhali usiiache ile `L`. Kwenye Arduino Uno namba ya kawaida inaishia 32767. Mara 3 ya 9600 ni 28800, inaingia. Mara 4 ni 38400, haiingii. Kwa hiyo nafasi za mwanzo zinakuwa sahihi kabisa, kisha ghafla spindo inarudi nyuma. Mimi nilishuku nyaya, nikabadilisha draiva, nikakaza mkanda, kumbe ni herufi moja.

Hatua ya 4: Jaribu kwa penseli

Zungushia karatasi kwenye kipande cha mbao, piga mstari kila nafasi, kisha endelea mpaka `i` iwe sawa na `n`. Mstari huo lazima uangukie juu ya ule wa kwanza. Usipoangukia, usiwashe ruta (mashine ya kisu kinachochonga mifereji).

Hatua ya 5: Chonga

Kitovu cha kisu cha ruta kilingane na ncha ya kichwa cha nyuma (sehemu ya mashine inayoelekeana na spindo). Fikia kila nafasi ukizungusha upande uleule, kisha funga spindo kwa breki yake kabla kisu hakijagusa mbao, kwani stepa peke yake inaweza kusukumwa ikapoteza hatua. Usiizimie draiva umeme mpaka mfereji wa mwisho uishe.