Umechukua sungura wa kufuga nyumbani? Soma hii kabla hujampa karoti

Siku hizi watu wengi wanachukua sungura, wengine kwa jirani anayehama, wengine kwa mfugaji ambaye banda limejaa, wengine wanamkuta barabarani yuko kwenye keji juani wanamuonea huruma wanambeba. Akifika nyumbani watoto wanamgombania, anapakatwa, anapigwa picha, anapewa karoti nzima na kipande cha mkate juu. Yote kwa upendo kabisa. Siku ya pili halii wala halalamiki ila chakula hajagusa, siku ya nne ameshakufa na watu wanaanza kusema sungura hawafugiki mjini. Wanafugika jamani, tena akitunzwa vizuri anafikisha miaka 8 hadi 12, ila lazima uelewe kwamba huyu ni mnyama wa kuwindwa, kuonyesha udhaifu kwake ni kifo, kwahiyo akiumwa anaficha mpaka dakika za mwisho. Usisubiri akuonyeshe kama anaumwa. Angalia vitu viwili kila siku asubuhi na jioni, kinachoingia mdomoni na kinachotoka nyuma. Haya mengine yote nitakayoandika yanarudi hapohapo.

Kabla hujaondoka nae, muulize anayekupa: ana umri gani, alikuwa anakula nini, amewahi kukaa na dume. Kama hajafikisha wiki 8 mwachie mama yake kwanza, utumbo wake bado haujakomaa na hao ndio wanaokufa kwa kuhara ndani ya wiki moja. Omba pia mfuko wa kile chakula alichozoea, hata kama ni chakula ambacho wewe hukipendi, kwasababu ukimbadilishia ghafla bakteria wa tumboni wanavurugika. Unaanza na cha zamani, unachanganya na kipya kidogokidogo kwa siku 7 mpaka 10. Mwangalie na masikio kwa ndani, ukikuta magamba magumu ya njano au kahawia yamejijenga huo ni ukurutu wa masikio, unatibika lakini unahitaji daktari. Puani pasiwe na kamasi, na nyuma kwenye mkia pawe pakavu na pasafi.

Siku mbili tatu za mwanzo muache. Yaani kweli muache. Mpe kona tulivu mbali na redio na mbwa, boksi la kawaida la karatasi ngumu ulitoboe milango miwili ili akiingia asijione amekwama, maji, nyasi, basi. Boksi likiwa na mlango mmoja tu anaogopa kubanwa ndani. Ukitaka akuzoee kaa chini sakafuni endelea na shughuli zako, soma, chambua mchele, atakuja mwenyewe kukunusa, asipokuja leo atakuja kesho kutwa. Kumkimbiza chini ya kitanda ili "azoee kushikwa" kunamfundisha kitu kimoja tu, kwamba wewe ndio yule mnyama anayewinda.

Kwenye kushika naomba niseme kwa nguvu, sungura habebwi masikio. Najua tumekua tunaona wanabebwa hivyo sokoni, lakini yale masikio yana mishipa ya damu na neva kibao na anaumia. Weka mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe makalio na miguu ya nyuma, umbane kifuani kwako. Miguu ya nyuma ikining'inia atapiga teke, na misuli yake ina nguvu kuliko mifupa, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe hewani na akapooza. Watoto wadogo wamshike wakiwa wamekaa chini, sio wamesimama. Na ule mchezo wa kumlaza chali mpaka atulie usimfanyie, hajatulia, ameganda kwa hofu.

Sasa makazi. Sungura wa kufugwa asili yake ni Ulaya ya kusini, pande za Hispania na Ureno, huko wanaishi kwenye mashimo ardhini ambako kuna ubaridi. Ndio maana joto linaweza kumuua haraka. Hatoi jasho kama sisi, joto linamtokea kwa sehemu kubwa kwenye masikio. Anajisikia vizuri nyuzi 15 hadi 21, zikipita 28 hivi anaanza kuhangaika, na wewe uko Dar au Tanga mwezi wa pili. Kwahiyo banda la bati lisilo na dari usithubutu, wala balkoni inayopigwa na jua la mchana. Muweke ndani kwenye sakafu ya vigae au saruji au chini ya mti wenye kivuli cha siku nzima, hewa ipite. Jaza maji chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, igandishe kwenye friza, izungushie kitambaa umuwekee, atakuja kuilalia pembeni. Feni isimpige moja kwa moja. Ukimkuta anahema mdomo wazi, masikio ya moto na mekundu, anatoa udenda, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida (sio ya barafu, na usimtumbukize kwenye ndoo) halafu ukimbie kwa daktari. Watu wa Arusha, Mbeya na Nairobi kwenye joto mna nafuu, nyie kazi yenu ni upepo na unyevu.

Keji za waya mtupu chini zinamtoboa nyayo, sungura hana vile vinyama laini vya chini ya mguu kama paka, ana manyoya tu. Kama keji yako iko hivyo weka ubao au mkeka upande mmoja awe anapumzikia. Na keji iwe sehemu ya kulala, sio gereza, anahitaji masaa matatu manne kila siku ya kukimbia ndani ya chumba au uani ukiwa unamuona, hasa alfajiri na jioni ndio anachangamka. Kama banda liko nje, liinuliwe kwa miguu na kila mguu ukae ndani ya kopo lenye oili chafu, hii ni kwa ajili ya siafu. Siafu wakiingia usiku kwenye banda lililofungwa sungura hana pa kukimbilia. Waya wa pembeni uwe na matundu madogo, kicheche na paka wa mtaani wanapitisha mkono.

Chakula ndio penyewe. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, kama milimita 2 kwa wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi, sio kutafuna mti wala karoti. Utumbo nao unasukumwa na zile nyuzinyuzi za nyasi, zikikosekana unasimama. Kwahiyo nyasi kavu ziwepo muda wote, usiku na mchana, rundo la ukubwa wa mwili wake kila siku, na ndio iwe zaidi ya robo tatu ya kila anachokula. Kenya wenzetu wanapata hei ya Rhodes kirahisi kwa wauza chakula cha ng'ombe, hata huku Tanzania ipo, uliza wafuga ng'ombe wa maziwa. Ukikosa kata ukoka au majani mengine ya ng'ombe yaliyo safi, yaanike ukiyageuzageuza mpaka yakauke kabisa yakiwa bado na ukijani, hifadhi kwenye kiroba kinachopitisha hewa. Harufu iwe nzuri kama ya shamba, ikiwa na uvundo au ukungu tupa. Usikate majani pembeni ya barabara wala pale wanapopitisha mbwa.

Majani mabichi unampa konzi moja mbili kwa siku, ila mpya mojamoja, uone kinyesi cha kesho kabla ya kuongeza lingine. Matembele, giligilani, mnanaa, majani ya karoti, kishona nguo kile kinachoota chenyewe uani, majani ya mgomba, vyote safi. Mchicha na sukuma wiki mpe ila zungusha, isiwe kila siku hiyohiyo. Osha vizuri sana maana mboga za sokoni zinapigwa dawa, na usirundike majani mabichi kwenye mfuko yakapata joto halafu umpe, yakishaanza kuchacha yanamjaza gesi na sungura hawezi kucheua wala kutapika. Peleti, vile vipande vikavu vya chakula cha sungura cha dukani, ni kiasi kidogo tu kwa mkubwa, kama gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake. Karoti ni utamu, kipande cha kidole mara moja moja, ndizi vilevile. Mkate, ugali, wali, biskuti hapana. Pumba za mahindi wafugaji wengi wanawapa kunenepesha, lakini huyu sio wa kunenepa, wanga mwingi unavuruga tumbo na pumba zikishika ukungu zina sumukuvu.

Vya sumu kabisa: parachichi lote pamoja na majani na kokwa lake, vitunguu vya aina zote, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, kisamvu kibichi, chokoleti, mnyonyo, mnyaa wenye utomvu. Angalia na maua ya uani kwako kabla hujamfungulia. Maji weka kwenye bakuli zito la udongo asipindue, wengi wanakunywa zaidi hivyo kuliko kwenye ile chupa ya kunyonya, badilisha kila siku.

Haya twende kwenye mavi, msione kinyaa. Sungura mzima anatoa vigololi vingi mno kwa siku, vya duara, vikavu, saizi inayolingana, ukivunja unaona nyasi ndani. Vikianza kuwa vidogo, vimeungana kama tasbihi kwa manyoya, au vimepungua, kuna tatizo linakuja na bado una muda. Kuna na aina nyingine, laini, inang'aa, imeshikana kama kichala kidogo cha zabibu, hiyo anaila mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma. Usimzuie, ndio anavyopata vitamini na protini ambazo bakteria wake wametengeneza. Ukiona hizo laini zimeachwa zimetapakaa ujue anakula vitamu vingi au peleti nyingi, punguza. Kuhara maji kabisa, hasa kwa mtoto, ni dharura ya leo. Mkojo usikutishe, unaweza kuwa mweupe wa chokaa, njano, mpaka rangi ya machungwa au mwekundu kutokana na alichokula, mwekundu wenye mabonge au anajikamua akikojoa ndio unampeleka.

Asipokula na asiponya kwa saa 12, usisubiri kesho. Kajikunja kona, macho nusu, anasaga meno kwa nguvu, tumbo gumu, masikio ya baridi, huyo utumbo umesimama au unasimama. Mfunike apate joto kidogo, umpeleke. Usimlazimishe kumeza kitu kama tumbo limevimba.

Na hapa kwenye dawa naomba mtu asipite haraka. Duka la dawa lililo karibu watakupa amoksilini ya binadamu au ya kuku kwa nia njema, na sungura akipewa amoksilini, ampisilini au penisilini kwa mdomo inaua bakteria wazuri wa tumboni na yeye anafuata. Dawa za viroboto za mbwa na paka zenye fiproneli nazo zinaua sungura. Ukurutu unatibiwa kwa ivamektini lakini kwa kipimo cha uzito wake, apime daktari. Kwahiyo tafuta daktari wa mifugo mapema, hujapata shida, muulize wazi "umewahi kutibu sungura?" maana wengi wao ng'ombe na kuku ndio kazi yao ya kila siku. Walio karibu na Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Nairobi kuna kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Nyumbani kwako hakikisha una mzani wa jikoni au wa kuning'iniza, mpime kila wiki andika, uzito ndio unaanza kusema kabla yeye hajasema.

Usimuogeshe. Anajisafisha mwenyewe, maji yanamshtua na manyoya yakilowa yanachukua muda kukauka mpaka anapata baridi. Mbrashi tu, hasa akiwa anapukutisha.

Sungura ni wa kuishi wengi, akiwa peke yake anaboreka, ila usikurupuke kuleta wa pili. Madume wawili wasiohasiwa wanapigana mpaka kung'oana korodani. Dume na jike, mimba ni siku 30 hadi 32 na jike anaweza kushika nyingine siku hiyohiyo aliyozaa, hesabu mwenyewe mwaka mmoja. Na usiamini ulichoambiwa kuhusu jinsia, wadogo wanachanganya hata wafugaji, kwa dume korodani zinaanza kuonekana wiki ya 10 hadi 12 hivi, mkague tena hapo. Kuhasi dume ndio njia rahisi zaidi. Wakutanishe sehemu ambayo sio ya yeyote kati yao, wakiwa na keji jirani wiki kadhaa kwanza wanusane.

Choo anajifunza haraka, utaona amechagua kona, weka hapo beseni fupi lenye magazeti na nyasi kavu juu yake, ale huku anajisaidia ndio anavyopenda. Maranda ya mbao tumia yale yasiyo na harufu kali wala vumbi. Nyaya za umeme zote ziinue au zipitishe kwenye bomba, atazikata, chaja ya simu ndio huanza. Kucha kata kila baada ya wiki sita hivi, kwenye kucha nyeupe unaona mshipa mwekundu ndani, kata kabla ya hapo, kwenye nyeusi mulika kwa tochi ya simu kwa nyuma utauona.