Kuzunguka Ghuba ya Winam kwa baiskeli: Kisumu, Rusinga, Thimlich Ohinga na kurudi

Mpwa wangu alitaka kuzunguka Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, kwa baiskeli na wenzake wawili, nikakaa nao jioni moja nikawaelezea, kumbe ndo nimefungua bomba. Simu kila siku: anko hapa tunakata wapi, anko feri ni saa ngapi. Nikaona bora niandike yote mara moja. Mimi mwenyewe nimeizunguka mara nne, ya kwanza vibaya sana, utaona kwa hatua ya 5.

Hatua ya 1: Chagua upande wa kuanzia

Toka Kisumu uende magharibi, uvuke na feri kule Luanda Kotieno uingie Mbita, halafu urudi mashariki kupitia Homa Bay na Kendu Bay. Usigeuze. Sababu ni upepo tu. Asubuhi ziwa limetulia, lakini jua likishapanda nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unaanza kutoka ziwani, na upande wa Kisumu unakuja ukitokea magharibi. Ukiwa unaelekea magharibi saa nane mchana unakanyaga pedali kama mtu anayepanda mlima na barabara iko flati kabisa. Kwa hivyo kipande cha kwanza unakifanya kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na siku za kurudi upepo wa mchana unakusukuma mgongoni. Nilijaribu kinyume mara moja kwa ubishi wangu, sirudii.

Miezi ya Machi hadi Mei acha. Na hata miezi mingine mvua ya huku inapenda kuanguka alasiri, kwa hivyo panga kumaliza mapema.

Hatua ya 2: Baiskeli

Hapa watu watanichukia lakini nasema. Hiyo baiskeli ya mashindano yenye tairi kama kamba iache nyumbani. Tumia chuma, rimu ya inchi 26, tairi pana, na vali nene kama ya gari. Kila soko huku lina fundi amekaa chini ya mti na beseni lake la maji, na huyo fundi ana tyubu za Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo, na za mountain baiki za 26, basi. Ukimpelekea vali nyembamba ya kizungu atakuangalia kwa huruma. Pampu yake yenyewe haishiki.

Miba ya huku si mchezo, beba tyubu mbili na viraka. Kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha kidole ndani ya tairi polepole, mwiba huwa umebaki humo humo na watu wanatoboa mara mbili wakilaani tyubu.

Hatua ya 3: Kisumu hadi feri

Shika barabara ya Bondo. Kama kilomita 30 hivi unafika Kit Mikayi, yale mawe makubwa yamepandana, huwezi kuyakosa. Jina maana yake ni jiwe la mke wa kwanza: hadithi inasema kulikuwa na mzee alikuwa anashinda kwa pango la mawe hayo kila siku, watu wakimuulizia, mkewe anajibu ameenda kwa mikayi wake. Lipa kiingilio, panda na mwenyeji anayejua njia, na punguza kelele, kuna waumini huwa wanakaa pale wakifunga na kusali.

Ukifika Ndori kata kushoto. Bondo naiacha makusudi, ukiingia huko hautawahi feri.

Feri yenyewe: uliza ratiba jana yake, usiulize siku hiyo hiyo. Baiskeli inapanda bila shida, ifunge kwa chuma cha pembeni maana malori yakiingia hakuna mtu ataiangalia.

Hatua ya 4: Rusinga

Kutoka Mbita unavuka daraja tu, uko kisiwani. Lala Mbita, acha mizigo, zunguka kisiwa asubuhi ukiwa mwepesi. Barabara ya kuzunguka, nilipopita mimi, ilikuwa ya maramu na mawe lakini inapitika.

Kaburi la Tom Mboya, aliyekuwa waziri wa Kenya, liko Kasawanga, jengo lake limejengwa kwa umbo la risasi, kwa sababu aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Alikuwa na miaka 38. Ndani kuna vitu vyake na picha, usikimbie, kaa nusu saa. Kisiwa hiki hiki ndipo mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, mnyama wa jamii ya nyani wa miaka kama milioni 18 iliyopita, na ukiendesha unaona kabisa vile korongo zimechimbwa na mvua, mawe ya kijivu yametoka nje, unaelewa kwa nini mifupa ilionekana huku.

Ukikaribia bichi utakuta nyavu zimetandazwa kando ya njia, zimejaa omena (dagaa) zinakauka, zinang'aa kama visu vidogo. Shuka usukume. Hiyo ni pesa ya mama fulani, usipitishe tairi juu. Na usioge ziwani hata jasho likuue, kichocho kiko. Neti ya mbu beba yako.

Hatua ya 5: Thimlich Ohinga (soma hii yote, tafadhali)

Thimlich Ohinga ni maboma ya kale ya mawe. Njia ya kufika huko ndo ilinilia siku nzima, kwa hivyo nitakaa hapa.

Kwanza usijaribu kukata Bonde la Lambwe kwa njia za mkato kutoka Mbita. Kwa ramani inaonekana fupi, lakini huko kuna hifadhi ya Ruma na nyati wake, na mbung'o. Zunguka kwa lami hadi Homa Bay, ulale, uache mizigo gesti. Asubuhi shika Rodi Kopany, halafu Ndhiwa, halafu uelekee upande wa Karungu, na mbele unaacha lami. Uliza watu, kila mtu anapajua.

Shida inaanza ukishaacha lami. Udongo wa pande hizi ni ule mweusi. Ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji, una nyufa, unaenda vizuri tu. Ukinyeshewa hata dakika ishirini, unageuka gundi. Mara ya kwanza mimi niliona wingu nikasema ah, litapita. Lilipita juu yangu. Tairi ilizunguka mara tatu nne, matope yakajaa kati ya tairi na madigadi (vile vikinga matope juu ya gurudumu), gurudumu likakataa kabisa kuzunguka, nikasukuma likawa linaburutwa. Nikasafisha kwa kijiti, hatua kumi, limejaa tena. Mwisho nikabeba baiskeli begani, na viatu vyenyewe vimebeba kilo mbilimbili kila mguu. Masaa manne mazima kwa kipande ambacho kikikauka unakimaliza kwa nusu saa. Mzee mmoja alikuwa chini ya mti wake ananiangalia tu, nilipomfikia akaniuliza, sasa wewe na baiskeli, nani amebeba nani?

Kwa hivyo, mambo ya kufanya:

Toa madigadi zote mbili kabla hujatoka Homa Bay. Ndio utarushiwa matope mgongoni, afadhali hivyo. Kama breki zako ni za kubana rimu legeza kidogo upate nafasi, lakini zijaribu kabla ya mteremko wowote, usiniletee lawama.

Angalia rangi ya njia. Nyekundu yenye kokoto, endelea hata kukiwa na unyevu. Nyeusi na imelowa, simama. Shuka, kanyaga kwa kiatu: kiatu kikitoka na udongo umeshikamana, hapo ndo mwisho, usijidanganye eti mbele ni afadhali. Pita kwa nyasi za pembeni ukiweza, nyasi zinashika, lakini si kwa shamba la mtu.

Ukishakwama, ngoja. Najua inauma. Jua la nusu siku likipiga ganda linashika, unapita. Matope yakishaanza kukauka kwa tairi yanabanduka vipande, ukiyalazimisha yakiwa mabichi unapoteza nguvu bure. Beba kijiti bapa, mimi huwa na kijiko cha mbao cha ugali kilichovunjika, hakuna kifaa cha duka kinakishinda.

Na kama imenyesha usiku, acha baiskeli Ndhiwa uchukue boda.

Ukifika sasa. Ohinga ni boma la mawe, na haya yalijengwa bila saruji wala udongo wa kushikilia, jiwe juu ya jiwe, inakadiriwa tangu karne ya 16. UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka wa 2018. Boma kubwa ni Kochieng. Angalia milango: ni mifupi makusudi, lazima uiname kuingia, na adui aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Weka kiganja kwenye ukuta uone vile mawe madogo yamechomekwa kubana makubwa. Usipande juu ya kuta.

Hatua ya 6: Kurudi

Homa Bay hadi Kendu Bay ni lami, rahisi. Karibu na Kendu Bay pita Simbi Nyaima, kaziwa ka magadi ka duara ambako wanasema ni kijiji kilichozama kwa sababu walimnyima bibi kizee mahali pa kulala. Ukibahatika utakuta flamingo.

Halafu Katito, halafu Ahero kwa mashamba ya mpunga. Ahero kwenda Kisumu malori ni mengi na hayakuoni. Mimi hapo napandisha baiskeli juu ya matatu, bila aibu. Patana bei ya baiskeli kabla haijapanda, na gurudumu la mbele litoe mwenyewe, kondakta hulitoa kwa kulivuta.