Kabla hujalipia boti kuukuu ya faiba, jua imetoka kiwanda gani

Jina lililoandikwa ubavuni lisikubabaishe. Stika hubandikwa na yeyote, na muuzaji akikwambia "hii ni Yamaha" huenda anaisema injini tu. Ni kweli Yamaha wanaunda boti za faiba pia, tangu 1960, lakini injini ya nje hufunguliwa asubuhi ikafungwa kwenye boti nyingine jioni. Hali kadhalika majina kama Perko au Attwood yaliyogongwa kwenye vyuma vya kufungia kamba na bawaba: hao ni watengenezaji wa vifaa, si wa boti.

Ushahidi wa kwanza ni namba ya bodi, ambayo kazi yake ni ile ile ya chesisi namba ya gari. Marekani iliilazimisha kuanzia tarehe 1 Novemba 1972. Simama nyuma ya boti ukitazama omo, yaani mbele yake. Namba iko upande wako wa kulia kwenye uso wa tezi (ukuta wa nyuma wa boti), juu, kama sentimita 5 chini ya ukingo. Mara nyingi imefunikwa na rangi. Usikimbilie msasa, kwa sababu herufi ni za kina kifupi na zikisagwa zimekwenda. Osha kwa sabuni, weka karatasi nyembamba juu yake, kisha sugua penseli ikiwa imelazwa. Pakiwa na giza, mulika tochi kutoka pembeni. Kivuli kitaonyesha hata herufi iliyojaa rangi. Ukilazimika kutoa rangi, tumia dawa inayofaa faiba, maana ile kali ya kawaida hulainisha jelikoti, tabaka la nje la faiba linalong'aa, na kuondoka na namba yenyewe.

Namba ina tarakimu na herufi 12. Tatu za kwanza ni msimbo wa kiwanda: BWC ni Boston Whaler, CPY ni Catalina. Tano zinazofuata ni za boti yenyewe, na hapo herufi I, O na Q hazitumiki, kwa hiyo ukiona duara katika sehemu hiyo, soma sifuri. Nne za mwisho ni tarehe, na hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu kuna mitindo mitatu.

Tuseme mwisho wake ni 0576: ni Mei 1976. Ukisomeka M77E, ni toleo la mwaka 1977, na herufi ya mwisho ni mwezi, ila hesabu inaanzia Agosti: A ni Agosti, B Septemba, hadi E ambayo ni Desemba. Boti hiyo basi iliundwa Desemba 1976. Mitindo hii miwili iliishia katikati ya 1984. Kuanzia Agosti mwaka huo mtindo ni mmoja, mfano D586: D ni Aprili (sasa A ni Januari), 5 ni 1985, na 86 ni toleo la 1986. Ukichanganya A ya zamani na A mpya, umekosea miezi saba.

Msimbo wa kiwanda utafute kwenye orodha ya Walinzi wa Pwani wa Marekani mtandaoni, lakini usiishie kwenye jina. Kiwanda kikifa, herufi zake zinaweza kupewa kingine. Linganisha mwaka wa boti na miaka ambayo kampuni ilikuwa hai, orodha huionyesha. Namba ikianza na herufi za jimbo kisha Z, kama FLZ ya Florida, imetolewa na jimbo: ama boti iliundwa nyumbani, ama namba ya asili ilipotea. Uliza ni lipi.

Boti za Ulaya tangu Juni 1998 zina mtindo unaofanana, ukitanguliwa na nchi na kistari, kwa mfano GB-. Hizo pia huwa na bamba la mtengenezaji lenye alama ya CE, daraja A hadi D (aina ya bahari ambayo boti inaihimili) na idadi ya watu.

Boti haina namba kabisa? Huenda ni ya kabla ya 1972. Tafuta bamba la uwezo (linalotaja watu na mzigo boti inaobeba) karibu na usukani. Mara nyingi lina jina la kiwanda. Chungulia chini ya viti na sakafu, ambako mafundi huandika kwa penseli. Jaribu spana kwenye boliti za asili: za inchi zinaelekeza Marekani, za milimita Ulaya au Japani. Pima urefu bila injini, upana, na kimo cha tezi (sentimita 38, 51 au 64 ndizo za kawaida), kisha linganisha na katalogi za zamani.

Umbo peke yake halithibitishi kitu. Kalibu huuzwa, na boti nyingine ni nakala: mtu anaifinyangia kalibu boti ya mwenzake na kuanza kuiuza. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bonito Boats, iliifuta sheria ya Florida iliyokataza mchezo huo. Ulinzi wa shirikisho ulikuja 1998. Nakala huwa na kona butu na ubavu wenye mawimbi ukitazama kwa usawa wa jicho. Inaweza kuwa boti nzuri, ila isilipiwe bei ya jina.

Mwisho, linganisha namba na cheti cha usajili kutoka mamlaka ya vyombo vya majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Boti za baada ya Agosti 1984 zina namba ya pili iliyofichwa, ndani au chini ya kifaa kilichofungwa. Zikitofautiana, au ukiona matundu ya ribiti tupu na jelikoti inayong'aa tofauti kuzunguka namba, usitoe hata arbuni.