SOMO: Kingatiba ya matende na mabusha, kaya nzima imeze

Msimu wa kugawa dawa ukikaribia, swali ni lile lile: "Nifanyeje watu wasikimbie?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

1. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mabalozi.
2. Andika kaya zote daftarini kabla dawa hazijafika, vibarua na wapangaji wakiwemo.
3. Wagawa dawa wachaguliwe na mkutano wa kitongoji.
4. Hapa ndipo kazi huharibika. Maudhi yatajwe KABLA ya kidonge. Minyoo midogo ya matende iliyo kwenye damu ikifa, aliyekuwa nayo nyingi hupata homa, kizunguzungu au kuwashwa siku moja mbili. Asipoambiwa mapema, kesho yake kijiweni wanasema "ni sumu", na milango inafungwa. Usithubutu kusema "haina madhara yoyote". Sema: "Ukiwashwa ni minyoo inakufa, ikizidi njoo zahanati." Uvumi kwamba dawa humaliza nguvu za kiume nao usiukwepe: mwanaume aliyemeza mwaka jana na sasa ana kichanga asimame aseme mwenyewe.
5. Ivamektini, dawa ya kuua minyoo hiyo, hupimwa kwa fimbo ya urefu: sm 90–119 kidonge 1, 120–140 viwili, 141–158 vitatu, 159 kwenda juu vinne. Kila mmoja aongezewe kidonge 1 cha albendazoli, dawa nyingine ya minyoo. Wasipewe: walio chini ya sm 90, wajawazito, aliyejifungua ndani ya wiki, mgonjwa mahututi.
6. Ameze mbele yako. Aliye shambani, rudi jioni.

MASWALI

Chogo: Za baba naweza kumwachia mama, atampa akirudi?
— Hapana. Hatua ya 6.

Chogo: Lakini ni mbali.
— Panga siku nyingine uende. Kidonge kilichoachwa mezani hujui kimemezwa na nani.

Mama Salha: Mwalimu, huku wanauliza, asiyeumwa anameza ya nini?
— Ahsante dada, hilo ndilo swali. Mtu hukaa na minyoo miaka bila mguu kuvimba, na mbu akimuuma huichukua kuipeleka kwa jirani. Dawa huua midogo, mikubwa mingi hubaki ikizaa tena, ndiyo maana humezwa kila mwaka. Waambie hivyo hivyo, wanaelewa.

Mzee Kombo: Na mguu uliokwisha vimba?
— Kidonge hakiurudishi, mzee wangu. Auoshe kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe hadi katikati ya vidole, auinue akikaa. Busha ni upasuaji, mwelekeze zahanati wampe rufaa.

Mama Salha: Nami niongeze: alama za fimbo chora kwa rangi ya kucha. Kalamu inafutika kwa jasho la mikono.
— Naichukua hiyo. Na albendazoli mtoto aitafune, asilazimishwe kuimeza nzima akapaliwa.