SOMO: Kupanga matundu ya mpira wa boulingi (soma kabla hujauliza)

Wakuu, swali ni lile lile kila siku: "Nitoboe wapi ili mpira ukate kona kali?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Anza na ganda. Plastiki hunyooka, urethani hupinda mapema na taratibu, rizini reaktivu ndiyo yenye kona ya nguvu. Hakuna tundu litakaloigeuza plastiki kuwa rizini.

2. Tafuta doa dogo la rangi kwenye ganda. Hiyo ndiyo pini ya mpira, inaonyesha kichwa cha kiini (uzito uliofichwa ndani ya mpira) kilipo.

3. Tafuta PAP yako. Hapa usikimbie, maana ndipo mipira mingi huharibikia. PAP ni ncha ya mhimili ambao mpira unauzungukia pale tu unapouachia, na inatokana na mkono wako, haiji na mpira kutoka kiwandani. Chukua mpira wa plastiki uliokwisha kutobolewa kwa vipimo vyako. Bandika kipande cha utepe mweupe pale unapokisia. Kwa wa mkono wa kulia, anzia kama inchi 5 kulia kwa kitovu cha mshiko (katikati ya matundu ya vidole na la gumba). Rusha, mtu akurekodi video. Utepe ukitulia palepale kama kitovu cha feni, umepata. Ukichora duara, usogeze urudie. Kisha pima kutoka kitovu cha mshiko: inchi ngapi pembeni, ngapi juu au chini.

ONYO: angalia mwanzo wa safari tu. Mpira wa rizini mhimili wake huhama ukiwa njiani, hivyo utepe utayumba hata kama uliubandika sawasawa. Halafu rusha kama kawaida yako, usiipambie kamera.

4. Pima kutoka pini hadi PAP. Inchi 3⅜ ndipo michirizi ya mafuta ya njia inayobaki kwenye mpira hutawanyika zaidi, yaani kila mzunguko ganda kavu linagusa njia. Ukikaribia 0 au 6¾, michirizi hurundikana pamoja. Ukivuka 5, mpira huenda mbali kabla ya kugeuka.

5. Pini juu ya vidole: huchelewa, kisha hugeuka ghafla. Chini ya vidole: huanza mapema, kona laini.

6. Mpe fundi atoboe.

MASWALI

Gumba_Nene: Mkuu nina wa paundi 15, nitajie namba tu nimpelekee fundi.
— Namba za mkono wa nani? Hatua ya 3.

Strike_Kila_Siku: Nimenakili mpangilio wa jamaa yangu, wake unakata, wangu unanyooka. Somo lako lina kasoro.
— Somo halijasema unakili. PAP yake si yako, kasi yake si yako.

Mdadisi: Kwa nini 3⅜ na si namba nyingine?
— Swali zuri sana. Mzunguko wa mpira ni kama inchi 27, robo yake 6¾, nusu ya robo hiyo ni 3⅜. Pini ikikaa juu ya PAP, kiini kinazunguka kikiwa kimesimama wima juu ya mhimili, kimetulia. Ikiwa robo ya mzunguko mbali, kimelala, nacho kimetulia. Katikati kimeinama, hakina pa kutulia, ndiyo maana mhimili unahama sana.

Mdadisi: Shukrani. Na lile tundu la ziada la mizani?
— USBC (shirikisho la boulingi la Marekani) ililipiga marufuku kuanzia Agosti 1, 2020. Sasa kila tundu lazima liwe la kushikia.

Kushoto_Pekee: Wangu ulikata vizuri, siku hizi umelala. Nitoboe upya?
— Utatoboa mangapi! Ganda limenywa mafuta na kulainika. Osha, kisha piga msasa.

Fundi_Mstaafu: Nyongeza: futa mafuta kwa kitambaa kila kabla ya kurusha. Na msasa upigwe kabla ya mashindano, katikati ya mchezo hairuhusiwi.