Mteja Mwanamke kwenye Duka la Silaha na Uwanja wa Shabaha: Namna ya Kumhudumia Sawasawa

Kosa la kwanza hutokea kabla hata bastola haijatolewa kabatini. Mwanamke anaingia akiwa na mwanamume, anauliza swali, na muuzaji anamjibu mwanamume. Huenda huyo ni kaka yake aliyemsindikiza tu, hajawahi kushika silaha maishani. Mjibu aliyeuliza, mtazame yeye, mkabidhi yeye silaha. Kama hujui mnunuzi ni yupi, uliza: "Leo namhudumia nani?" Mwite kwa jina lake au "dada" au "mama" kulingana na umri, "mrembo" na "mpenzi" viache nje ya kaunta.

Hapa adabu na sheria zinakwenda pamoja. Mwenye jina kwenye fomu na leseni ndiye anayepaswa kuchagua na kuzungumza. Ukiona mmoja anachagua, analipa na kujibu maswali yote, huku mwingine kazi yake ni kutoa kitambulisho tu, huenda silaha inanunuliwa kwa ajili ya mtu aliyezuiwa kumiliki. Zungumza na mwenye kitambulisho peke yake, pembeni. Usiporidhika, simamisha mauzo. Muuzaji aliyezoea kuongea na mwanamume tu hawezi kuligundua hili, kwa sababu kwake mwanamke kukaa kimya ni jambo la kawaida.

Kisha uliza mambo manne: silaha ni ya kazi gani (shabaha, uwindaji, kuweka nyumbani, kubeba), amewahi kupiga nini na ilikuwaje, ataihifadhi wapi, na kama nyumbani kuna watoto. Usikisie uzoefu wake. Mwaka 1992, kwenye Olimpiki ya Barcelona, Zhang Shan wa China alishinda dhahabu ya skiti, mchezo wa kupiga kwa shotigani visahani vinavyorushwa angani, akishindana na wanaume na wanawake pamoja. Miaka minne baadaye wanawake hawakuruhusiwa kushiriki mchezo huo, wakarudi mwaka 2000 wakiwa na shindano lao. Anayeulizia uzito wa triga (kifyatulio) na urefu wa kitako hahitaji kuelezwa kuwa magazini ni kisanduku cha risasi.

Sasa tuje kwenye ushauri mbovu kuliko wote, ambao bado unatolewa kila siku: "Mpe rivolva ndogo (bastola ya silinda inayozunguka), inamfaa mwanamke." Rivolva ya risasi tano yenye fremu (kiunzi) ya aluminiamu ina uzito wa kama gramu 425, na mtutu wa takriban sentimita 5. Risasi ikiwa ile ile, silaha ikipungua uzito kwa nusu, nguvu ya teke lake, yaani msukumo wa kurudi nyuma inapofyatuka, huongezeka maradufu. Triga yake, nyundo isipovutwa kwanza, inadai kama kilo 5, wakati bastola nyingi za kisasa za magazini zinadai kama kilo 2.5. Yaani kidole kinavuta kilo 5 kwenye kitu kisichofika nusu kilo. Ni rahisi mdomo wa silaha kuyumba kabla risasi haijatoka. Isitoshe, vilengeo viko karibu karibu, kwa hiyo kosa dogo la kulenga linakuwa kubwa kwenye shabaha. Matokeo yake tunayajua: anapiga risasi kumi, kiganja kinauma, shabaha haina tundu, silaha inaishia kabatini. Rivolva hizo ni za wazoefu wanaotaka kitu cha kuficha. Anayeanza, awe mke au mume, apewe silaha ya ukubwa wa kati au kamili, nzito kidogo, ya risasi ndogo za .22 kwa kujifunzia, kisha ya risasi za 9 mm.

Kupima mkono ni kazi ya dakika tano. Toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza) nyuma uifungie hapo, angalia chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa jicho na kwa kidole, kisha mpe naye aangalie. Mwonyeshe upande salama wa kuelekeza mdomo wa silaha, maana kaunta nyingi zina watu pande zote. Aishike ule utando ulio kati ya kidole gumba na cha shahada ukiwa juu kabisa nyuma ya mpini, mtutu ukifuata mstari wa mkono mpaka kwenye kiwiko. Akiwa hivyo, nyama ya ncha ya kidole ifike katikati ya triga bila kunyooka kupita kiasi. Akilazimika kuizungusha silaha kiganjani ili afike, mpini ni mnene mno, na teke litamshukia kwenye mfupa wa gumba. Bastola nyingi zinakuja na migongo ya mpini ya kubadilisha. Itoe kwenye boksi umfungie ndogo papo hapo. Wauzaji wengi huiacha humo, wakamwambia mteja ana mikono midogo.

Na yule anayeambiwa "hutaweza kukoki hii", yaani kuvuta slaidi nyuma? Mara nyingi tatizo si misuli, ni namna anavyoshika. Ananyoosha mikono mbele na kubana slaidi kwa vidole viwili. Mwelekeze hivi:

1. Kidole nje ya triga. Bastola iwe karibu na kifua, kiwiko kimekunjwa. Ageuze mwili ubavu, si silaha, ili mdomo ubaki upande salama.
2. Mkono wa pili uifunike slaidi kwa juu, vidole vinne upande mmoja na sehemu ya chini ya kiganja upande wa pili, nyuma ya tundu la kutolea maganda.
3. Mkono ulioshika mpini usukume mbele kwa nguvu, huku ule wa juu ukivuta nyuma.
4. Slaidi ikifika mwisho, aiachie ghafla. Akiisindikiza kwa mkono, risasi haikai vizuri chembani na silaha inakwama.

Akishindwa bado, kuna bastola zilizotengenezwa na springi laini. Kwa vidole vinavyouma, kipakizi cha magazini, kifaa cha kusaidia kujaza risasi, ni cha kuwekwa mezani bila kusubiri kuombwa.

Kwa shotigani, tazama kitako. Kikiwa kirefu mno atajirudisha nyuma ili kuibeba, na ncha ya chini ya kitako itamchoma juu ya titi badala ya kukaa begani. Kifupishe, na pembe ya bamba la kitako irekebishwe. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na 12 ni mpana kuliko 20. Geji 20 nyepesi si lazima iwe laini kuliko geji 12 nzito: geji 12 yenye risasi za gramu 21 au 24 inaweza kumfaa zaidi.

Uwanjani, anza na masikio. Mlio wa bastola unapita desibeli 140, na ndani ya jengo unarudi kutoka ukutani, kwa hiyo vaa vizibo na vifunika masikio kwa pamoja. Kizibo cha sponji kisokotwe kiwe chembamba, sikio livutwe juu na nyuma, kiingizwe, kishikiliwe sekunde 20 hadi 30 mpaka kivimbe. Hereni kubwa, mikono minene ya miwani na kitambaa cha kichwani huacha mwanya. Mwenye hijabu aweke vizibo chini ya kitambaa na vifunika juu yake, wala usimwambie avue. Kuwe na vifunika vya vichwa vidogo pia.

Mwambie mapema, wakati wa kupanga siku, avae shati lililofunga shingoni, viatu vya kufunika vidole na kofia yenye ukingo. Ganda la moto likidondokea kifuani, mtu huruka na kugeuka na silaha yenye risasi mkononi. Kwa hiyo mfundishe kabla ya risasi ya kwanza: liache liunguze, kidole toa kwenye triga, weka silaha mezani ikielekea shabaha, ndipo ulitoe.

Usimkumbatie kwa nyuma kumrekebisha mkao. Simama ubavuni upande wa mkono wake wa nguvu, hatua nusu nyuma, uonyeshe kwa mwili wako. Ukihitaji kumgusa, omba ruhusa na useme ni wapi. Jambo moja tu halisubiri ruhusa, nalo litangazwe mwanzoni: "Nikiona mdomo wa silaha unageuka, nitaushika mkono wako."

Shabaha iwe mita 5, magazini iwe na risasi moja. Kisha mbili, kisha tano. Risasi moja ina sababu yake: silaha ikiruka na kidole kikajikaza tena, hakuna ya pili ya kutoka ikielekea darini. Miguu iachane upana wa mabega na kifua kiinamie mbele. Anayeanza hujilaza nyuma kusawazisha uzito ulio mbele yake, halafu teke linamyumbisha. Bastola ikikwama mara kwa mara, angalia kifundo cha mkono: kikilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, na slaidi haikamilishi mwendo wake.

Kumpa mgeni bastola kubwa ili rafiki zake wamrekodi na kucheka ni sababu tosha ya kumfukuza mtu uwanjani. Silaha hiyo inaweza kumrukia usoni, au ikafyatuka tena ikiwa juu. Msimamizi asitishe upigaji, aipokee silaha, aitoe risasi.

Kuhusu vumbi la ledi, yaani madini ya risasi: weka tangazo mlangoni kwa wote. Ledi hupita kwa mtoto aliye tumboni, na mlio humfikia pia, kwa sababu vifunika hulinda masikio ya mama tu. Usimuulize mtu kama ni mjamzito. Tangazo litamfikishia ujumbe. Baada ya kupiga, kila mtu anawe mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula au kushika simu, na nguo zifuliwe peke yake.

Siku maalumu za wanawake si mbaya, ila maua na punguzo havimrudishi mteja. Kinachomrudisha ni bastola za kukodi zenye mpini mwembamba, choo chenye maji, mwalimu asiyebadilishwa kila wiki, na chumba chenye kioo cha kujaribia mkoba wa kubebea silaha kiunoni. Hicho cha mwisho husahaulika sana. Mkoba unaomkaa mwanamume vizuri kiunoni, kwa mwenye nyonga pana na kiuno kifupi husukuma mpini uingie mbavuni. Unahitaji kushushwa chini au kusogezwa mbele, na hilo halijulikani mpaka aketi nao, ainame na asimame tena, silaha ikiwa tupu.